Msikate Kimya cha Mwanzo

Nilipoaga studioni mwezi uliopita, vijana mlinipa saa ya ukutani, keki, na maneno matamu ambayo nusu yake hayakuwa ya kweli. Keki tuliila palepale. Saa nimeitundika hapa nyumbani Mabawa, na kila nikikaa kitako inanitazama kama mwajiri. Kisha mmoja wenu, mdomo umejaa keki, akaniuliza ni kazi gani iliyonisumbua kuliko zote tangu nianze kushika mitambo ya sauti. Nilimjibu kuwa ni kumfundisha yeye kukunja waya. Mkacheka, nami nikaachia hapo, maana jibu lenyewe si la kutolewa mbele ya keki. Naliandika sasa. Mtanisamehe nikianzia mbali, kwa sababu bila ya mwanzo wake halieleweki.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi mwenye shingo nene na hasira za karibu. Duka lake pale Ngamiani lilikuwa na vyumba viwili: mbele aliuza betri na kaseti tupu, nyuma alirekodi. Nilikwenda kuomba kazi ya kuuza. Siku ya kwanza hakunipa hata ufagio. Alinivisha hedifoni, akawasha maiki katika kile chumba cha nyuma ambacho hakikuwa na mtu, akaniambia nisikilize, naye akaenda zake kunywa kahawa. Nilidhani ni njia ya kunifukuza kwa adabu.

Aliporudi akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, fundi. Hamna mtu humo."

"Rudi ukae."

Nilikaa tena. Safari hii nikaanza kusikia feni, halafu bati likilia kwa kutanuka juani, halafu mtu akitwanga nyumba ya pili, na mwisho pumzi zangu mwenyewe. Nikamtajia vyote. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hicho ndicho chumba. Mtu akija kuimba, ataimba ndani ya hicho. Ukikikata, umemtoa mtu nyumbani kwake ukamweka hewani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na ndiyo iliyokuja kuwa yangu. Mtambo unawashwa kabla mwimbaji hajajiweka sawa, na hauzimwi mpaka ameshanyanyuka. Kikohozi, kiti kuburutwa, mtu kuomba maji, vyote vinabaki. Wateja walilalamika sana. Walisema tunawauzia makohozi kwa bei ya nyimbo. Fundi Mhina aliwajibu kuwa anayetaka wimbo mtupu aende akamsikilize kasuku. Nanyi najua mnayo ile programu yenu inayofuta kimya yenyewe, na mmenificha msiniudhi. Ninajua ilipo.

Baada ya muda nikagundua kwamba nina kitu ambacho fundi wangu, pamoja na ustadi wake wote, hakuwa nacho: niliweza kuingia vyumba vya wanawake. Harusi za mwambao mnazijua. Nje kuna wanaume, kahawa na haluwa. Ndani kuna dunia nyingine, na mwanamume akichungulia huko atajuta kuzaliwa. Wanawake walitaka nyimbo zao zirekodiwe, na hawakuwa na wa kumwita. Wakaniita mimi. Nilibeba mashine begani na waya shingoni, nikapita katikati ya wanaume waliokuwa wakinitupia macho ya wivu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikila pilau ya harusi kuliko maharusi wenyewe.

Huko ndiko nilikokutana na Bi Zuhura wa Pangani. Alikuwa mwimbaji wa taarabu za wanawake, mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti nzito inayotoka chini kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Zaidi ya kuimba alikuwa kungwi, na makungwi wa pande hizo walimwogopa. Harusi zake nyingi nilizirekodi mimi, na zama za kaseti zilipopita nikamchomea CD. Mumewe, Mzee Hilali, mtu wa ukoo uliotoka Omani enzi za mababu, alizipokea kila mara mlangoni kwa mikono miwili, na hakuniacha niondoke bila ya madafu.

Siku moja Bi Zuhura akaja mwenyewe dukani Tanga. Alikuwa amekonda. Pumu ilikuwa imeshamkaa kifuani.

"Mwanaidi," akaniambia, "n'na kazi, lakini si ya dukani. Nataka unishikie yale ya ndani. Watoto wetu wanaolewa Dar, wanaolewa Maskati, nani atawafuata huko akawafunde? Nikifa miye, yamekufa."

Alikuwa na maana ya nyimbo za kumfunda mwali, zile zinazoimbwa mlango ukiwa umefungwa. Nilishituka, kwa sababu hizo hazirekodiwi. Akaniona.

"Nipe mkono wako. Sauti hii isiingie sikio la mwanamume. Na mume wangu naye ni mwanamume, usije ukamfanya malaika."

Nikampa mkono. Nilirekodi nyumbani kwake Pangani, baada ya adhuhuri, katika chumba cha ndani, yupo mwali, wapo wanawake wachache na binti yake Salha. Nikachoma CD moja tu kama alivyotaka, na ile ya asili nikaifuta mbele ya macho yake. Akaifunga CD yake katika kipande cha kanga. Sikuiona tena kwa miaka, na mwenyewe alifariki kabla sijaiona.

Kuhusu Fundi Mhina nitasema kidogo, maana mpaka leo inaniuma. Masikio yalimfia. Miaka yote ile ya hedifoni na sauti kubwa ilimdai, naye akalipa. Mwisho wake alikuwa akikaa mbele ya spika na kuweka kiganja juu yake ili ajue kama kuna mtu anaimba. Nikimsemesha anatazama midomo yangu na kujibu kitu kingine. Tulimzika kwao Muheza, na duka likawa studio, na studio ikawa hiyo mnayoijua, yenye viyoyozi na vijana wasiojua kukunja waya.

Sasa tufike kwenye CD zenyewe, kwa kuwa mtaulizwa sana habari hii. Watu walipoambiwa kwamba CD haifi waliamini, na walioiamini zaidi ni sisi wa pwani, tulio na hewa inayokula hata makufuli. CD inakufa. Ishikeni mbele ya dirisha: mkiona vitundu vya mwanga kama chekecheke, imeanza kuliwa. Kumbukeni vilevile kwamba upande unaong'aa ni dirisha tu. Sauti yenyewe imelala upande wa juu, chini ya maandishi, na kinga yake ni ngozi nyembamba ya rangi. Watu wanabembeleza dirisha huku wakikwangua nyumba. Msiifute kwa kuzungusha. Futeni kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa kitambaa laini na maji kidogo. Dawa ya meno ni ya meno, si ya kusugulia CD. Na kama mteja anataka kusikiliza nyumbani kwa redio kubwa yenye spika za maana, msimbanie sauti ili mafaili yawe madogo. Kwenye simu hatagundua. Sebuleni atagundua, na atawachukia bila kujua kwa nini.

Kazi ya namna hiyo ndiyo aliyoniitia Salha, miaka michache kabla sijastaafu. Alinipigia simu akasema baba yake anataka CD zake zote ziingizwe katika kitu kimoja kidogo, kiunganishwe na redio yake, abonyeze kidude mara moja zicheze. Nikamuuliza kwa nini asiziache zilivyo, kwani nilijua mzee yule anavyozipenda.

"Njoo umwone, Bi Mwanaidi."

Nilikwenda. Salha alikuwa ameolewa Ushongo, ng'ambo ya mto, lakini sasa amerudi kumuuguza baba. Mzee Hilali alikuwa amekalishwa kwenye kochi mbele ya redio yake, amplifaya ya zamani yenye uzito wa jiwe na spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto. Miguu ilikuwa imemvimba. Mikono ilikuwa ikitetemeka hivi kwamba akishika CD anaigawa kama karata. Moyo ulikuwa umechoka, na daktari alishamwambia Salha amrudishe nyumbani ampe anachokitaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Bado unabeba mawaya tu?" Nina wajukuu, lakini kwake nilikuwa binti mpaka mwisho.

Rafu zake zilijaza ukuta. Taarabu za Tanga, Mombasa na Unguja, nyimbo za Kiarabu, za filamu za Kihindi, dansi la zamani. Nilifanya kazi humo sebuleni kwa majuma kadhaa, nikilala chumba kimoja na Salha. Mashine ilisoma kila CD mara mbili na kulinganisha, nami nikaandika majina ya nyimbo kwa herufi kubwa ili mzee ayaone. Nyingi zilikuwa salama, maana alikuwa mtu wa kutunza. Alikaa akinitazama na kunisahihisha majina ya wapiga udi. Kila nilipomaliza rafu alishukuru, lakini kwa adabu tu, kama mtu anayengojea chakula kingine.

Rafu ya mwisho ilipokwisha akaninyooshea kidole kilichokuwa kikicheza.

"Hizo zote, binti, ni mchuzi. Wali umo katika sanduku lile."

Lilikuwa sanduku la njumu la Bi Zuhura, la mbao iliyopigwa nakshi za shaba, limewekwa chumba cha pili. Baada ya arobaini ya mama yake, Salha alikusanya kanga zake za harusi pamoja na CD zote alizoimba, akazipanga humo, akafunga. Mzee hakulifungua hata mara moja. Alisema alikuwa akizingojea. Hakutaka kuisikia sauti ile hali uchungu ungali mbichi. Alitaka kwanza upoe, ndipo akae azisikilize moja moja mpaka mwisho wa umri wake. Ulipoanza kupoa, mikono ikaanza kutetemeka. Sasa alikuwa hana muda wa kungoja, na alichotaka duniani kilikuwa hicho tu: kumsikia mkewe kabla hajafa. Aliniambia hivyo, wazi, bila ya kuona haya.

Salha akafungua sanduku. Harufu ikatupiga usoni. Ilikuwa kafuri, na mtu yeyote aliyewahi kuosha maiti anajua harufu hiyo inamkumbusha nini. Vile vidonge vyeupe vilikuwa vimetawanywa kati ya kanga na kati ya CD, kama kila mwanamke wa pwani anavyofanya na nguo zake nzuri, ili mende na nondo wasizisogelee. Kanga zilikuwa salama, kama zimenunuliwa jana. Nikachukua CD ya kwanza.

Kasha lake lilikuwa limelainika na kukunjamana, linanata vidoleni. Mvuke wa kafuri unayeyusha plastiki ya makasha yale polepole, mwaka baada ya mwaka, na plastiki ilikuwa imeshikana na uso wa juu wa CD, pale pale sauti inapolala. Nilipoivuta, ile ngozi ya fedha yenye sauti ilibaki kwenye kasha. Mkononi nikabaki na duara la kioo. Niliiinua kuelekea dirishani, nikamwona Salha upande wa pili, mzima mzima, mikono mdomoni.

"Nilitaka zisiliwe na mende," akasema.

Nilikasirika, nikataka kugomba, nikatazama uso wake nikashindwa. Nani angemwambia? Hata mimi, fundi wa mambo hayo, nguo zangu za Idi zilikuwa zimelala na vidonge vile vile.

Msidhani nilikata tamaa upesi. Nilizitia kwenye friji ili plastiki iwe ngumu, nikapitisha uzi mwembamba kati ya kasha na CD kama mtu anayekata sabuni. Baadhi zilitoka na fedha yake. Nikazitia kwenye mashine, ikahangaika, ikalia kama panya. Nilipata ngoma. Nilipata vigelegele. Mahali pamoja nilimpata Bi Zuhura akivuta pumzi kuanza ubeti, na hapo hapo ikaanza tk-tk-tk mpaka mwisho. Nilirudia kwa siku nyingi kuliko nilivyopaswa. Studioni hatukubakiza nakala, na kaseti walizokuwa nazo wenye harusi zilishaliwa na ukungu. Halafu ikabidi nikamwambie mzee.

"Hata wimbo mmoja?"

"Hata mmoja, mzee wangu."

"Hata ubeti?"

"Hata ubeti."

Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Alimwita Salha amletee maji, na alipoyaleta akamshika mkono, akasema, "Umetunza vizuri, mwanangu. Ni kudura." Kisha akageuza uso ukutani, na siku ile hakula. Wala kesho yake.

Siku ya tatu, mzee akiwa amesinzia baada ya adhuhuri, Salha akanijia jikoni na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na nyuzi, sindano na vifungo, na chini kabisa kipande cha kanga nilichokijua. CD ile ya ndani. Haikuwa na kasha, na kafuri haikuifikia. Niliiinua mwangani. Ilikuwa nzima, bila ya tundu hata moja.

"Mpe," akasema Salha.

"Unajua ni nini hii?"

"Najua. Nilikuwemo. Baba anakufa, Bi Mwanaidi. Mama angesema apewe."

"Mama yako? Yule Zuhura niliyemjua miye?"

Akainamisha kichwa. Alijua kama nijuavyo mimi. Na huku tunanong'ona, sauti ya mzee ikatoka sebuleni. Kumbe hakuwa amelala.

"Ni ile ya ndani?"

Tukaenda tukasimama mbele yake kama watoto walioiba sukari. Macho yake yalikuwa yameamka.

"Miaka yote nilimuuliza wanaimba nini humo. Ananijibu, 'Ukijua, hutaniogopa tena.'" Akatabasamu. "Alikwambia nini, binti, alipokupa kazi hiyo?"

"Isiingie sikio la mwanamume."

"Alinitaja?"

"Alikutaja, mzee."

Nadhani alifurahi kutajwa. Kisha akasema, "Lakini miye si mwanamume tena. Nimeshakuwa maiti, nangoja sanda tu."

"Maiti ya kiume inaoshwa na wanaume, mzee. Ungali mwanamume mpaka kaburini."

Alicheka mpaka akapaliwa, Salha akampigapiga mgongo. Kicheko kilipokwisha machozi yakabaki, na hayo hayakuwa ya kicheko.

"Basi unaniacha niende hivi hivi, binti?"

Nilitoka nje. Nataka mjue kwamba nilimchukia Bi Zuhura siku ile. Nilisimama uani nikamsema moyoni, maneno ambayo marehemu haambiwi. Yeye yuko kwake amepumzika, sauti yake kaifunga na kuniachia ufunguo, na mumewe anakufa kwa kiu mbele ya kisima. Mkono niliompa uliniwasha. Lakini niliutoa mwenyewe, kwa mtu aliyeniamini, na vyumba vyote nilivyoingia maishani mwangu niliingia kwa sababu wanawake walijua kwamba nikitoka sitoki na kitu. Nikilivunja lile agano moja, ni mlango gani nilioingia kwa haki?

Ni hapo nilipomkumbuka Fundi Mhina na kile chumba kitupu. Nilirudi ndani, nikaingia chumba cha Salha nikajifungia, nikavaa hedifoni, nikaiweka CD mwanzo kabisa.

Kwanza kilikuja chumba. Kuku uani. Bangili. Halafu yeye, karibu kana kwamba yuko mabegani mwangu, anakohoa, anaomba maji. "Mwanaidi, huo mdude wako unakula umeme au unakula watu?" Wanawake wakacheka. "Salha, mpe mwali mto, asituvunjikie kiuno kabla ya siku yake." Kisha sauti ikageuka, ikaelekea mlangoni, akaipandisha:

"Hilali! Weye Hilali! Ungali hapo barazani?"

Kikafuata kimya. Nakumbuka mzee alijibu siku ile, lakini alikuwa nje na maiki yangu ilitazama ndani, kwa hiyo haikumshika. Kilichobaki ni feni na kuku.

"Sogea huko! Masikio yako marefu nayajua."

Kimya tena. Kisha Bi Zuhura akacheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyejibiwa jambo linalompendeza. "Haya, fungeni mlango." Na komeo likatua.

Nikazima hapo. Nikaketi kitandani nikalia kidogo, halafu nikafanya kazi. Hayo yaliyotangulia hayakuwa ya ndani. Mlango ulikuwa wazi, na maneno yale mwenyewe alimpigia mumewe kelele ayasikie. Yalishamwingia sikioni siku ile ile. Nilikata pale komeo lilipotua, wala sikuacha hata pumzi ya wimbo. Sikusafisha kitu. Programu yenu ingeviona vile vimya viwili ikavifuta, ikadhani imenisaidia. Niliviacha kama vilivyo.

Tulimweka mzee vizuri, Salha akamwekea mto. Nikabonyeza.

Alipokohoa Bi Zuhura, mikono ya mzee iliacha kutetemeka. Sizidishi chumvi, muulizeni Salha. Spika zile zilikuwa nzuri kweli, na chumba kile cha siku ile kikaja kikakaa ndani ya sebule. Akasikiliza maji, mdude wangu, mto wa mwali. Kisha sauti ikampigia kelele: ungali hapo barazani? Na katika kile kimya, bila ya kuambiwa na mtu, akajibu.

"Nipo, Zuhura."

"Sogea huko! Masikio yako marefu nayajua."

"Nishasogea, nishasogea."

Naye akamcheka. Fungeni mlango. Komeo.

Baadaye akaniuliza, "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mlango umefungwa, mzee."

"Haya." Alifumba macho. "Nimezoea kungoja nje. Irudishe."

Zile rafu zote nilizohangaika nazo, pamoja na wapiga udi wake niliosahihishiwa, hakuzicheza tena. Sikuudhika. Kidogo tu. CD yenyewe nilimkabidhi Salha pamoja na nakala moja ya kuwasikilizisha wanawake tu, na haijapita katika kompyuta ya studio, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta.

Yaliyobaki alinisimulia Salha kwenye tanzia ya baba yake. Alisema baada ya mimi kuondoka nyumba ilirudi kuwa na watu wawili wanaozungumza. Yeye akiwa jikoni anamsikia mama yake akiita na baba yake akiitikia, asubuhi, adhuhuri, alasiri, nipo Zuhura, nishasogea, na alishazoea hata akaacha kusikiliza. Siku ya mwisho alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mama yake akauliza kama angali barazani. Salha akasimamisha mkono, bila ya kujua kwa nini, akasikia feni na kuku wa siku ile. Mama yake akamwambia asogee huko, masikio yake marefu anayajua. Feni, na kuku. Kisha mama yake akacheka, akasema haya, fungeni mlango, na komeo likatua.